Tangazo la mkufunzi wa anga na mzigo unaolala uwanjani

DAR ES SALAAM – Wafanyabiashara wengi wa mipakani wakiona tangazo la nafasi za kazi katika chuo cha usafiri wa anga hulipita bila kulisoma. Wanaolisoma ni vijana wenye shahada wanaotafuta ajira. Hata hivyo, kwa mtu anayepeleka minofu ya sangara, maua au parachichi ng'ambo, tangazo hilo lina habari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Linaonyesha nani atawafundisha watu wanaotia saini ili ndege iruke, na kama watu hao watapatikana.

Mwezi Juni mwaka 2025, Tume ya Ulaya iliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyopewa vyeti Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Miezi sita kabla ya hapo, Desemba 2024, ilikuwa imeanza na Air Tanzania peke yake. Miongoni mwa sababu zilizotajwa Juni zilikuwa upungufu mkubwa wa wataalamu wenye sifa, usimamizi usioridhisha wa uendeshaji na ubora wa ndege, na kutotimiza viwango vya kimataifa vya usalama.

Kilichotangulia katika orodha hiyo ya sababu ni watu, si vyombo. Vyombo vilikuwepo, tena vipya. Air Tanzania ilipokea Boeing 787 ya kwanza Julai 2018, ikafuata Airbus A220 mwishoni mwa mwaka huo huo, na Juni 2023 ikatua ndege ya mizigo, Boeing 767-300F, iliyotangazwa kuwa na uwezo wa kubeba tani 54. Ndege hununuliwa kwa kusaini mkataba na kulipa kwa awamu. Mtu wa kuikagua, kuitengeneza na kumfundisha mwenzake kufanya hivyo hupikwa kwa miaka 10 au 15, na hakuna kiwanda cha kumwagiza.

Ikumbukwe pia kwamba kuyafungia mashirika yote ya nchi moja ni hukumu juu ya msimamizi wa anga wa nchi hiyo zaidi ya kuwa hukumu juu ya shirika moja moja. Msimamizi anategemea wakaguzi. Na mkaguzi ni nani? Ni rubani au mhandisi wa siku nyingi aliyehama kutoka shirika la ndege. Ni mtu yule yule ambaye chuo kinamtaka awe mkufunzi, na ni yule yule ambaye shirika la ndege halitaki aondoke.

Waajiri watatu, mtu mmoja

Hapa ndipo hesabu ya kiuchumi inapokuwa nyepesi kueleweka kuliko inavyoonekana. Kuna kisima kimoja cha wataalamu wenye leseni katika kanda, na ndoo tatu zinachota humo. Ya kwanza ni ya mashirika ya ndege, ambayo hulipa kwa bei ya soko la dunia, kwa kuwa yasipolipa hivyo mtaalamu atakwenda Kigali, Addis Ababa, Dubai au Doha. Ya pili ni ya mamlaka za anga, ambazo zina mapato yake kutokana na tozo na zinaweza angalau kujaribu. Ya tatu ni ya vyuo, ambavyo hulipa kwa ngazi za mishahara za utumishi wa umma zilizopangwa kwa ajili ya wahadhiri wa fani zote, wa uhasibu na wa ndege kwa pamoja.

Mhandisi mwenye leseni ya kuthibitisha Boeing 787 hana sababu ya kifedha ya kukubali cheo cha mhadhiri msaidizi. Akikubali, huwa ni kwa mapenzi, kwa umri, au kwa sababu za kifamilia. Sekta haiwezi kupangwa juu ya mapenzi ya watu wachache.

Lakini mshahara ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine imeandikwa katika tangazo lenyewe, na Tanzania ni mfano mzuri kwa kuwa masharti yake yako wazi kwa kila mtu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa na masharti ya jumla yanayojirudia: mwombaji awe raia wa Tanzania, umri wake usizidi miaka 45 isipokuwa kama tayari yuko kazini serikalini, na aliyestaafu utumishi wa umma asiombe bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Kwa nafasi za uhadhiri huongezwa kiwango cha juu cha alama za shahada ya kwanza na ya pili.

Kwa karani au afisa ugavi, masharti hayo yana mantiki yake, kwani serikali inalinda mfuko wa pensheni na kuwapa vijana nafasi. Yaweke sasa juu ya mtu anayehitajika kufundisha utengenezaji wa ndege. Mtu huyo alimaliza mafunzo ya ufundi akiwa na miaka 22 au 23. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), leseni ya mhandisi wa matengenezo inataka uzoefu wa miaka 4, au 2 kama alipita katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Baada ya hapo huanza kujifunza aina moja ya ndege baada ya nyingine. Anapokuwa na uzoefu wa kumfundisha mwingine kitu ambacho hakimo kitabuni, amekaribia miaka 45 au ameipita. Alama zake za chuoni za miaka 20 iliyopita, kama alisoma chuo kikuu, hazisemi lolote kuhusu injini aliyoifungua mara mia. Mwongoza ndege aliyestaafu akiwa na akili timamu na kumbukumbu ya kila dharura aliyowahi kuikabili anahitaji kibali cha ofisi ya juu kabisa ya utumishi ili arudi darasani.

Kwa maneno mengine, tangazo limechuja kwanza wale wanaotafutwa. Anayebaki ni kijana mwenye alama nzuri aliyehitimu mwaka juzi, ambaye hana kosa lolote, ila naye anahitaji kufundishwa.

Kenya ina sura yake ya tatizo hilo hilo. Miongozo ya mwaka 2014 ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Kwa historia au kemia hilo linaeleweka. Kwa uhandisi wa ndege, unaofundishwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya na Chuo Kikuu cha Kenyatta, kuwapata watu wenye uzamivu na leseni kwa wakati mmoja ni sawa na kutafuta dereva wa lori la matangi mwenye shahada ya uzamivu ya petroli. Yupo, lakini hesabu idadi yake kabla ya kupanga msafara.

Hesabu ya saa

Kwa marubani hali ni ngumu zaidi, na inaweza kupimwa kwa namba. Leseni ya rubani wa biashara kwa viwango vya ICAO inataka saa 200 za kuruka, au 150 ikiwa mwanafunzi amepita katika kozi iliyoidhinishwa. Katika hizo 150, angalau 70 mwanafunzi huwa yeye ndiye nahodha. Zinazobaki ni saa 80 za kukaa na mkufunzi. Chukulia mkufunzi anaruka saa 560 kwa mwaka, ambazo ni nyingi ukitoa siku za mvua na siku ambazo ndege iko matengenezoni. Mkufunzi huyo anamaliza wanafunzi 7 kwa mwaka. Chuo kinachotaka kutoa marubani 35 kwa mwaka kinahitaji wakufunzi 5 ambao hawaugui, hawaendi likizo, na hawapigiwi simu na shirika la ndege.

Simu hizo ndizo tatizo. Katika kanda hii, kijana aliyepata leseni ya biashara haruhusiwi kuwa nahodha wa ndege kubwa, lakini sheria haimzuii kukaa kiti cha kulia mara anapoajiriwa. Mashirika madogo yanayobeba watalii kutoka Wilson, Arusha na Zanzibar humchukua mapema. Hana haja ya kupitia ualimu.

Marekani ilichukua njia nyingine, ingawa haikukusudia kutatua tatizo la walimu. Baada ya ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo mwezi Februari 2009, iliyoua watu 50, Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria, na kuanzia 2013 msaidizi wa rubani katika mashirika ya abiria lazima awe na saa 1,500. Aliyehitimu shahada ya anga katika chuo kikuu kilichoidhinishwa anaruhusiwa akiwa na saa 1,000. Kijana anayemaliza masomo akiwa na saa 250 atazipata wapi zilizobaki? Kwa wengi jibu ni kufundisha. Ndiyo maana chuo kikuu kama Embry-Riddle, chenye kampasi kubwa Daytona Beach jimboni Florida na nyingine Prescott jimboni Arizona, hupata wakufunzi wa kuruka miongoni mwa wahitimu wake wenyewe. Wanafika, wanajaza daftari la saa, wanaondoka, na wengine wanaingia.

Mfumo huo una kasoro. Mwalimu mwenye saa 400 anayemfundisha mwanafunzi mwenye saa 40 ni kipofu kumwongoza mwenye chongo, wasemavyo wakosoaji, na hawajakosea kabisa. Hata hivyo kuna jambo la kuiga ambalo halihitaji sheria ya saa 1,500. Vyuo vya aina hiyo havichanganyi kazi. Anayefundisha nadharia ya uhandisi wa anga na kufanya utafiti hutafutwa kwa uzamivu. Anayefundisha uendeshaji wa ndege darasani anaweza kuingia kwa shahada ya uzamili na leseni ya juu ya urubani. Anayeruka na mwanafunzi hutafutwa kwa vyeti vya urubani na ukufunzi. Kila mmoja ana ngazi yake na mshahara wake.

Ethiopia nayo ina jibu la tatu. Chuo chake cha anga cha Addis Ababa, ambacho siku hizi ni chuo kikuu, ni mali ya kundi la Ethiopian Airlines. Mkufunzi ni mtumishi wa kundi lile lile linaloendesha ndege, kwa hiyo suala la chuo kunyang'anywa mwalimu na shirika linapoteza makali. Anayehitajika darasani leo anaweza kurudishwa karakana kesho. Si siri kwamba shirika hilo ndilo lililobeba biashara kubwa ya mizigo barani, wakati jirani zake wakibadilisha bodi za wakurugenzi.

Vyuo vingi, walimu wale wale

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na wazo la pamoja. Chuo cha anga cha Nairobi kilianza mwaka 1954 kwa ajili ya kanda nzima. Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilianzishwa 1971 chini ya Jumuiya ya zamani, wakati East African Airways ilikuwa bado inaruka. Shirika hilo na Jumuiya yenyewe vilikufa 1977, na kila nchi ikachukua kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Soroti ilibaki na jina la Afrika Mashariki na mzigo wa Uganda peke yake, na ikapitia miaka mirefu ya ukame wa fedha, ndege na wakufunzi.

Jumuiya ya sasa iliunda wakala wa usalama wa anga, CASSOA, mwaka 2007, na makao yake yako Entebbe. Kanuni za anga za nchi wanachama zimefanana kwa kiasi kikubwa kutokana na kazi yake. Wakati huo huo, kila nchi imeendelea kujenga chuo chake. Tanzania imewekeza katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo, kupitia mradi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2018 kwa ajili ya Ethiopia, Kenya na Tanzania. Mradi mzima ni wa dola milioni 293, na NIT ni moja ya vituo vyake vinne vya Tanzania, ikibeba jukumu la anga na usafirishaji. Karibu yake, mamlaka ya anga ina chuo chake cha kufundisha waongoza ndege na fani nyingine.

Fedha za mradi hujenga majengo, hununua vifaa na kupeleka watumishi masomoni. Mshahara wa mwezi hadi mwezi wa mkufunzi hubaki kwa hazina ya nchi, mradi ukifika mwisho. Anayejua biashara ya malori ataelewa haraka: ukikopeshwa lori bila fedha ya dereva, umepewa mapambo ya yadi.

Kinachoshangaza ni kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu Julai 2010, na wahandisi wa nchi tatu walikuwa na makubaliano ya kutambuana tangu 2012. Mkufunzi wa Nairobi anayetaka kufundisha Dar es Salaam kwa muhula mmoja bado anakutana na sharti la uraia katika tangazo, kibali cha kazi chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015, na uhakiki wa leseni kwa mamlaka ya nchi mwenyeji. Nyanya za Kenya na mahindi ya Tanzania huvuka Namanga kwa taabu ndogo kuliko mwalimu huyu. Matokeo yake, nchi jirani zinagombania watu wale wale wachache badala ya kuwatumia kwa zamu.

Mzigo unaguswa wapi

Msafirishaji anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini. Yanamhusu mahali pawili hasa.

Pa kwanza ni barabarani. Maua na mboga za Arusha kwa miaka mingi yamekuwa yakipita Namanga kwa lori la baridi hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, safari ya karibu kilometa 280, kwa sababu ndege za mizigo za kwenda Ulaya ziko Nairobi. Minofu ya Mwanza hutoka kwa njia ya Sirari kuelekea Nairobi au Mutukula kuelekea Entebbe. Ndege ya mizigo ya Tanzania ilinunuliwa kwa matumaini ya kuugeuza mkondo huo. Kwa uamuzi wa Juni 2025, ndege yenye cheti cha Tanzania haikuruhusiwa kutua Liège wala Amsterdam, hata ikiwa mpya namna gani. Mwenye lori la baridi wa Namanga hakulia kwa habari hiyo, na asilaumiwe. Mkulima wa maua ndiye anayelipia zile saa za ziada, na ua halisubiri foleni ya mpakani.

Pa pili ni ofisini kwa wakala wa mizigo. Anayeandaa au kupokea bidhaa hatarishi kwa njia ya anga, kuanzia betri za lithiamu na rangi hadi dawa za mifugo na sampuli za hospitali, lazima awe amefundishwa, na mafunzo hayo hurudiwa kila baada ya miezi 24 kwa maelekezo ya ICAO. Cheti kikipitwa na siku moja, mzigo unakataliwa kaunta. Wakala mdogo wa Mwanza, Bujumbura au Goma asiye na mkufunzi aliyeidhinishwa karibu hufunga ofisi siku kadhaa na kumsafirisha mtumishi mpaka mji mkubwa. Gharama hiyo haionekani kwenye orodha yoyote ya tozo, lakini mteja huilipa ndani ya bei ya kilo. Hapa ndipo chuo chenye wakufunzi wawili zaidi wa mizigo kingeleta faida ya haraka kuliko chuo chenye ndege mbili zaidi za mafunzo, ingawa ndege ndizo hupigwa picha siku ya uzinduzi.

Mahitaji ya dunia hayatapungua ili kuipa kanda nafasi ya kupumua. Makadirio ya Boeing ya mwaka 2025 yanasema dunia itahitaji marubani wapya wapatao 660,000 na mafundi wa matengenezo 710,000 katika miaka 20. Mtengenezaji wa ndege ana sababu ya kukadiria kwa ukarimu, lakini hata ukikata nusu, Ghuba na Ulaya zitaendelea kuja kuchota kisimani.

Hatua zinazowezekana hazihitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Nafasi za ukufunzi wa anga zinaweza kutangazwa kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu badala ya ajira ya kudumu, na hapo hoja ya umri wa miaka 45 na pensheni inaondoka. Kibali cha wastaafu kinaweza kuombwa na chuo kwa kundi zima badala ya mtu mmoja mmoja. Shirika la ndege la umma linaweza kutakiwa kutoa saa za wahandisi wake kwa chuo cha umma, kwa kuwa mwenye mali ni mmoja. Leseni na miaka ya kazi vinaweza kupewa uzito wa shahada katika ngazi za mishahara, kama vyuo vya Marekani vinavyofanya kwa namna yake. Ugumu uko wizara ya fedha, ambako mkufunzi wa mkataba mwenye mshahara wa soko huleta swali la kwa nini daktari wa hospitali ya rufaa asipewe vivyo hivyo. Swali hilo ni la haki, na ndilo limekwamisha mambo zaidi ya uhaba wa fedha wenyewe.

Orodha ya Umoja wa Ulaya hupitiwa mara kwa mara, na nchi hutolewa pale wakaguzi wake wanapoonyesha kazi, si mipango. Kabla ya hapo, mwenye mzigo anaweza kuangalia dalili moja isiyogharimu kitu. Chuo cha umma kitakapotangaza tena nafasi za wakufunzi wa matengenezo ya ndege, asome mistari ya mwisho ya tangazo, pale palipoandikwa umri na uraia. Ikiwa bado ni miaka 45, mkataba wa lori la Namanga unaweza kusainiwa kwa mwaka mwingine.